Nilikupima kwa Mizani ya Magunia

Nyemo mwanangu,

Nawasikia wewe na mama yako chumbani mnafunga begi na kubishana kama ile sufuria ndogo iende Tabora au ibaki. Iende. Mengine yote mama yako ameshakwambia, na ambayo hajakwambia atakwambia kesho stendi, basi likiwa limeshaanza kunguruma: uweke wapi kitambulisho, usimpe simu mtu usiyemjua, umsalimie nani chuoni ukifika. Mimi sitaongeza. Nimechukua karatasi kwa sababu kuna jambo moja ambalo mdomo wangu umelishindwa, na hata kesho stendi utalishindwa vilevile. Ni habari ya ugonjwa wako, na chakula, na mimi.

Nikuonye mapema kwamba barua hii haina machozi. Unanijua. Hapa Kibaigwa wananiita mkavu, na hawakosei, ila nataka ujue nilikaukia wapi.

Siku ile daktari alipotuambia kwamba utumbo wako umetoboka, kwamba homa ya matumbo tuliyokuwa tukiitibu kwa vidonge vya dukani imekula mpaka imepasua, mama yako alikaa sakafuni palepale koridoni. Mimi nikauliza choo kiko wapi. Sikuwa na haja ya choo, ila hilo ndilo swali lililonitoka. Muuguzi akanionyesha, nikaenda, nikasimama mbele ya bomba lisilotoa maji, na kitu ndani yangu kikafa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya juu ya gunia. Mguu ukinyooshwa huchomachoma kisha unaamka. Hiki hakikuamka. Ukatoka chumba cha upasuaji mzima, watu wakasema Mungu mkubwa, nami nikasema Mungu mkubwa, na sikuhisi chochote. Nilijua kwamba nimefurahi, jinsi ninavyojua kwamba Tabora iko upande wa magharibi.

Muuguzi yule wa koridoni, mama mmoja mwenye sauti nzito, ndiye aliyetuelekeza siku ya kuruhusiwa. Akasema, "Baba Nyemo, mtoto aendelee na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara kwa mara, halafu vyakula laini. Tumbo lake bado linajifunza upya. Msimlazimishe. Hamu itarudi yenyewe na uzito utarudi wenyewe."

"Utarudi lini?" nikauliza.

"Utarudi ukiwa tayari, baba."

Sasa, wewe umekulia sokoni. Mtu akikwambia mzigo utafika ukiwa tayari, unajua huyo ni tapeli. Nilimshukuru, na sikuamini hata neno lake moja.

Labda nikwambie nilikotoka. Nimezaliwa kijijini Zuzu, na nilipokuwa mdogo mvua iligoma, mwaka uliofuata ikagoma tena. Bibi yako, yule uliyebeba jina lake mpaka nakuita mama, alikuwa na tabia moja. Tukishakula kilichopatikana, alituita mmoja mmoja akatushika mkono hapa juu ya kiwiko, akauzungushia vidole. Vidole vikikutana, jioni mtoto huyo alimpa uji wake yeye mwenyewe. Visipokutana alimpiga kibao mgongoni, nenda kacheze. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia ananipenda. Vidole navikumbuka mpaka leo, na kutoka kwake nilijifunza kwamba mzazi anapenda kwa kupima.

Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali nilikushusha garini mwenyewe, mimi niliyeacha kubeba magunia zamani. Nikakukadiria. Siwezi kujizuia, kazi yangu ndiyo hiyo, kukadiria mzigo kwa jicho kabla haujafika kwenye mizani. Nilikukadiria, na jibu likanifikia mahali ambapo hata daktari hakufika. Kwa mara ya kwanza tangu koridoni nilihisi kitu, nacho kilikuwa hofu. Nitakwambia ukweli, niliipenda hofu ile. Nilisema moyoni, afadhali hii kuliko ganzi.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata nikakupeleka sokoni.

"Panda, mama," nikakwambia mbele ya mizani ya magunia.

"Hapa baba? Mbele za watu?"

"Hapa. Mizani ya zahanati inadanganya. Hii nimeinunua mwenyewe."

Ukavua kandambili, ukapanda. Sembuche, mkubwa wa makuli, akasoma namba, akapaza sauti, "Bosi, mzigo huu mwepesi, rudisha shamba!" Watu wakacheka, na wewe ukacheka huku umeshikilia khanga yako kifuani. Nilidhani kwa kuwa umecheka basi jambo halina uzito.

Wiki iliyofuata namba ilipanda kidogo. Makuli wakapiga makofi, na nikahisi joto hapa kifuani, joto la kweli, la kwanza baada ya muda mrefu. Hapo ndipo nilipopotea, Nyemo. Sikuweza kufurahi kwa kukuona unatembea uani, wala kwa kukusikia unaimba unafua. Hivyo vyote vilipita mbele yangu kama malori yaendayo Dar. Namba ikipanda, baba yako alikuwa na moyo. Isipopanda, alirudi nyumbani amekunja uso, akajaza sahani yako.

Na nilijaza kwelikweli. Uji wa uwele wenye karanga na samli, ugali na mlenda, maziwa mgando, supu ya kongoro asubuhi. Ukisema, "Baba, tumbo limejaa," nilikata tonge nikakuletea mdomoni: moja la baba, moja la mama, moja la bibi, moja la shangazi wa Ihumwa. Ukoo mzima ulipita kinywani mwako. Ulitapika mara ngapi nyuma ya nyumba sijui, mama yako ndiye aliyekuwa akifukia kwa mchanga na kunyamaza. Unalijua gunia la lumbesa, lile likishajaa badala ya kushonwa linaongezewa mahindi mpaka linaota kichwa juu. Sheria inalikataza na sisi wanunuzi tunalipenda. Basi nilikuwa nikikushindilia hivyo, na mshono wako wa tumboni ulikuwa mbichi bado.

Ikafika wakati namba ikagoma. Jumamosi kadhaa ilikuwa palepale, nami nikawa siongei na mtu nyumbani. Halafu Jumamosi moja ukapanda, namba ikaruka juu vizuri, na mimi nikasikia mlio.

Ulikuwa mlio mdogo, wa jiwe kugusana na jiwe. Mkulima akificha jiwe katikati ya gunia mimi nalijua kabla sijachoma bambo, kile chuma chembamba tunachochomea gunia ili kuona mahindi ya ndani. Kwa hiyo nilijua. Sembuche naye alijua, akanitazama, akangoja nitasema nini. Ulikuwa umefunga khanga mbili kiunoni na moja imevimba ubavuni, uso wako umeugeuzia ukutani. Ningeweza kusema, "Shuka mama, twende tukanywe chai, haya mambo yaishe." Badala yake niliisoma namba ile kwa sauti kubwa, makuli wakashangilia, nami nikashangilia pamoja nao. Niliitaka namba ile. Angeniletea jiwe mtu mwingine ningemfukuza sokoni asirudi. Wewe uliniletea nikalipokea, na wiki iliyofuata nikalipokea tena.

Hukujua kwamba nilijua. Sasa unajua. Nimeliweka jambo hili mpaka leo kwa sababu nilikuwa naona haya, na haya yenyewe naikumbuka kwa akili tu.

Baadaye mawe hayakuhitajika. Uliona kwamba ukila nyumba inatulia, basi ukala. Nilikuletea chipsi mayai, mandazi, soda kila nikitoka sokoni. Kanisani wakasema, "Sasa umekuwa mtu!" na nikajipiga kifua kana kwamba nimeivusha nchi njaa. Halafu ukaanza kuhema ukitoka kisimani, magoti yakauma, na kliniki mjini Dodoma daktari akasema sasa imetosha na imezidi. Sahani ya kawaida, soda iachwe, atembee, apungue taratibu bila kujinyima.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi niligeuza gunia tu, likawa juu chini. Mimi yuleyule wa tonge la bibi nikaanza kufungia sukari kwenye sanduku la nguo. Ukinyoosha mkono kwenye hotpoti nilikohoa. Na Jumamosi mizani ikawa palepale, ila sasa tulishangilia namba ikishuka. Mama yako alinivumilia mpaka akachoka. Siku moja akaweka mwiko chini akaniuliza, "Hivi wewe mwanaume, mtoto huyu unamnunua au unamuuza?" Nikamnunia. Mama yako akisema kweli huwa namnunia, unajua, mpaka apike kitu nikipendacho.

Kilichonisimamisha ni siku tuliyopita Ihumwa kumsalimia shangazi yako baada ya kliniki. Tulikuwa tumekaa kwa mama lishe tukimsubiri, nikakuuliza kama una njaa. Ukanitazama usoni.

"Sijui, baba."

"Hujui vipi? Tumbo ni la nani?"

"Huwa nakuangalia wewe kwanza," ukasema. "Zamani nikiona umekunja uso nilikula. Siku hizi nikiona umekunja uso naacha. Njaa yenyewe sijui ilikwenda wapi."

Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unakoroga chai, ukaendelea kukoroga. Baba mwingine angelia pale, au angekukumbatia. Mimi niliona nzi wawili mezani wanapigania tone la sukari, nikawatazama mpaka shangazi yako akafika. Lakini Jumamosi iliyofuata sikukuita sokoni, wala nyingine. Sembuche akauliza, "Bosi, binti mbona haji kupimwa?" Nikamwambia mizani imeharibika. Akaitazama ilivyokuwa inapima magunia ya watu, akasema, "Kweli imeharibika hiyo."

Tangu wakati ule sijui una kilo ngapi. Nikikuona unapita jicho linaanza kukadiria lenyewe, nami naligeuza upande. Nimeweza mara nyingi, si zote.

Mama yako ndiye aliyepanga tuweke chakula katikati na asiwepo wa kumpakulia mwenzake. Siku za mwanzo ulikuwa unakaa mbele ya sufuria kama mgeni. Nakumbuka alasiri moja uliingia jikoni, hakuna aliyekuita, ukakaanga yai, ukalila umesimama mlangoni huku unatazama kuku. Nilitaka kuuliza kwa nini moja na si mawili. Mama yako akanikanyaga mguu, na kisigino chake unakijua. Ukamaliza, ukaosha kikaango, ukatoka. Usiku huo mama yako aliniambia hapo ndipo ugonjwa wako ulipokwisha, na nadhani alikuwa sahihi kuliko daktari.

Sina la kukufundisha juu ya kula. Mtu niliyekosea pande zote mbili, kujaza na kupunguza, nikufundishe nini? Nitakwambia tu niliyoyaona. Hamu yako ilirudi kwa njia yake, ikaja saa za ajabu, ikaomba vitu vidogo, na iliondoka kila nilipoifukuzia na sahani. Huko uendako utaumwa siku moja, malaria au mafua, na chakula kitakukataa tena. Usiogope. Anza na uji kama ulivyoanza, na kesho yake uone. Ila tumbo likiuma kwa namna ile unayoijua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usinunue vidonge dukani kwa sababu baba yako alinunua. Tulipoteza muda mwingi kwa ubishi wangu.

Na watu watakusema. Ukirudi likizo umepungua watauliza kama unaumwa, na wengine watanong'ona ugonjwa wanaoutaka wao. Ukirudi umeongezeka watakuambia Tabora imekupokea. Huku kwetu mwili wa mtu ni salamu, hatuna adabu nyingine. Wajibu vizuri tu, upite. Mimi nikianza, nikumbushe habari ya mizani kuharibika, nitanyamaza.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimepanga barua fupi, niiweke kwenye mfuko wa pembeni wa begi, basi. Lakini jioni hii limetokea jambo mezani, na najua wewe umeliona.

Mama yako amepika ugali wa uwele na mlenda, na kuku wa kienyeji kwa heshima ya safari. Ulikuwa unatusimulia habari za mwenzako aliyeripoti chuo kisicho chake, na katikati ya hadithi ukasogeza sahani ikiwa na ugali bado, ukasema umeshiba, ukanawa, ukaendelea kusimulia. Hukunitazama. Nilingoja nihisi kitu, hofu au furaha, chochote kije. Hakikuja. Nikajisemea, basi, mimi nimeshakuwa hivi, na mtoto anaondoka.

Ndipo ukasema, "Baba, wewe hujala."

Nikasema nimekula.

"Hujala, baba. Na jana hukula. Mkanda wako una tundu jipya la msumari, nimeuona kwenye kamba ya nguo."

Nikatazama mkononi. Tonge langu la kwanza nilikuwa nimelishika tangu mwanzo wa hadithi yako, limepoa na limekauka pembeni. Mama yako akainamisha uso. Kumbe naye alijua, tena siku nyingi. Mimi ninayekadiria gunia kutoka ng'ambo ya barabara sikuwa nimejiona ninavyokwisha. Tundu lile nililitoboa mwenyewe kwa nyundo na msumari, nikavaa mkanda, nikaenda kazini, na sikujiuliza.

Ukanyoosha mkono kuvuta bakuli la kuku uliweke mbele yangu. Mkono ukafika nusu ya meza, ukasimama. Nilikuona unavyofikiri. Kisha ukauondoa, ukaacha bakuli pale lilipokuwa, ukasema kwa upole, "Naifunika sahani yako, baba. Itakuwa jikoni ukisikia njaa." Ukaifunika, ukaipeleka jikoni, ukaenda zako kufunga begi.

Hakuna aliyewahi kunitendea hivyo, hata bibi yako na mapenzi yake yote. Na mimi sikukutendea wewe. Nimekaa hapa na kalamu najiuliza lile swali nililokuuliza kwa mama lishe, na jibu sina, kama wewe ulivyokuwa huna. Kwa hiyo nimeandika polepole, nimeandika hata mambo ya nzi na sukari, kusudi nipate kungoja.

Sasa mmenyamaza chumbani, nadhani sufuria imeingia. Na kuna kitu hapa chini ya mbavu, kidogo, kinakwaruza. Nimekisikia tangu nilipoandika habari ya yai lako. Kwanza nikadhani ni huzuni ya kesho, na huenda nayo imo humohumo, sijazoea kuzitenganisha. Ngoja niende jikoni nikaifunue ile sahani. Hujaniagiza, na mama yako hajanikanyaga.

Nadhani nina njaa, Nyemo.

Baba yako